Usimwazime Nabii Sare Yako

Mpwa wangu,

Huku Machame ni wazima. Mama yako goti limetulia, kahawa imechumwa, na shangazi yako bado hajaacha kulalamikia mpaka wa shamba.

Kilichomkosesha mjomba wako usingizi ni video aliyoonyeshwa na vijana wa kwaya baada ya ibada ya pili. Nabii kamwekea mama mmoja mkono kichwani, mama anatangaza kwamba sukari imemtoka mwilini, na pembeni kasimama kijana aliyevaa sare ya uuguzi, stetoskopu shingoni, anaitikia kwa kichwa. Dada zako wanasema kafanana nawe tu. Mjomba wako anaijua pua ya ukoo huu.

Wako wanaosema umeacha kazi, na wako wanaosema umechukua likizo tu unamsaidia mtumishi. Simu yako nayo inaita mpaka inakatika.

Nabii mwenyewe hajadiliwi hapa. Huenda anaomba kwa moyo safi, Mungu ndiye anayejua. Neno ni hiyo sare.

Mwaka 2011 ulikuwa darasa la tatu, kwa hiyo Samunge, kule Loliondo, unaisikia kama hadithi. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa Babu, Mlutheri kama mjomba wako, alichemsha mizizi ya mti unaoitwa mugariga akawa anagawa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Alisema ameoteshwa na Mungu. Sharti lilikuwa ukinywe palepale, kutoka kwake. Basi nchi ikahamia porini. Magari yalipanga foleni ya kilomita na kilomita, wagonjwa wakatolewa wodini, wenye nazo wakaenda kwa helikopta, na vigogo wa serikali wakapigwa picha na kikombe mkononi. Wapo waliokata roho ndani ya magari kabla hawajafika. Mwezi Machi Babu mwenyewe aliomba watu wasiende kwanza mpaka foleni ipungue.

Wataalamu wa serikali waliipima dawa ile wakasema haimdhuru anayeinywa. Hawakusema inaponya. Lakini huku migombani nani aliisikia tofauti hiyo? Kilichofika ni kwamba madaktari wameipitisha, basi.

Usharikani kwa mjomba wako alikuwepo mjane mmoja, muuza ndizi, sauti ya pili kwenye kwaya. Alikuwa anatumia ARV, na mwili ulikuwa umeanza kurudi. Akauza mbuzi wake, akalipa nauli ya Samunge. Aliporudi aliingia ofisini, akaweka kopo la vidonge juu ya meza, kando ya daftari la sadaka, akasema, "Mchungaji, wape wengine, mimi nimemaliza." Kopo lilikuwa limejaa karibu mpaka mdomoni; hata hakungoja kwenda Loliondo ndipo aache. Mjomba wako alimbembeleza, akampeleka kliniki yeye mwenyewe, akakaa naye kwenye benchi. Jibu lake halikubadilika: hata wenye makoti meupe wamekubali, mchungaji, wewe unabisha kama nani? Kahawa ya mwaka uliofuata haikuiva kabla kwaya haijaimba kaburini kwake.

Sasa yule mama wa sukari, akivitupa vidonge vyake kesho, atakuwa amemsikiliza nani? Nabii yuko mjini siku zote na mama huyo hakuvitupa. Kilichoongezeka ni wewe, mtu aliyesomea, unayeitikia kwa kichwa bila hata kumtoboa kidole kupima.

Ya uwanja wa Majengo hapa Moshi, tarehe 1 Februari 2020, watu 20 walipokufa kwa kukanyagana wakiyakimbilia mafuta ya upako, unayajua. Ya Shakahola, Kilifi, ambako tangu 2023 imefukuliwa miili zaidi ya 400, unayajua pia. Ila kumbuka kwamba kabla ya waumini kufunga mpaka kufa, kule kulihubiriwa kwanza kwamba hospitali si ya mwamini.

Na usidhani mjomba anaonea wivu umati. Amechunga kondoo kwa baiskeli mpaka akastaafu, na hakuna aliyemchangia gari. Baba yako, Mungu amrehemu, alinyima kanisa mifuko miwili ya saruji akisema mchungaji ataila. Kanisa limesimama. Na ada yako ya chuo ilitoka kwenye kahawa ya kihamba hikihiki ambacho ndugu zako wanataka kigawanywe. Hayo yapite.

Kuomba, omba. Hospitali ya Machame ni ya kanisa, na wauguzi wake wamekuwa wakimwombea mgonjwa na kumchoma sindano yake saa ileile bila ugomvi wowote. Kuoa, oa, lakini mke usichaguliwe madhabahuni na mtu asiyemjua mama yako.

Leseni yako iko chini ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na video haihitaji nauli kufika huko. Matroni wako alimpigia mama yako juzi. Anasema jina lako bado hajalipeleka juu, anakungoja mpaka mwisho wa mwezi. Mpigie yeye kwanza, mjomba baadaye. Kisha umtafute yule mama wa sukari, umpime, na umwambie namba uliyoisoma kwenye kipimo.

Mjomba wako,
Mchungaji mstaafu