Mgane

Mwanamke akifiwa na mumewe huitwa mjane, na jina hilo hapana asiyelijua. Mwanamume akifiwa na mkewe huitwa mgane, jina lisilosikika sana vinywani mwa watu. Naona hata hali yake imesahauliwa vivyo hivyo.

Katika Mji wa Kale wa Mombasa, nilikokulia, mjane wa Kiislamu hukaa eda miezi minne na siku kumi. Haolewi katika muda huo, wala hatoki nyumbani ila kwa haja. Atazamaye kwa mbali aweza kudhani ni kifungo. Lakini wanawake wenziwe humjia: huyu na kikapu cha ndizi, yule na habari za mtaa, na mwingine hana kitu ila kuketi na kulia naye. Mgane hana eda. Matanga yakishaondolewa siku ya tatu, hurudi barazani kwa wenziwe. Hapo husemwa siasa, bei ya samaki na mchezo wa bao. La nyumbani kwake halisemwi.

Sisemi kwamba mjane ana raha. Katika mirathi ya Kiislamu, mume hupata robo ya mali ya mkewe aliyeacha watoto. Mke, kwa mume aliyeacha watoto, hupata thumuni. Wako wajane wanaozeeka katika chumba kimoja cha nyumba waliyoifagia maisha yao yote, ambayo sasa ni ya warithi. Mpango wa serikali wa Inua Jamii huwapa shilingi 2,000 kwa mwezi wazee walioandikishwa waliotimiza miaka 70. Kwa mjane wa namna hiyo, fedha hizo ndizo mchele na mafuta. Dhiki yake yahesabika, kwa hiyo huonekana.

Babu yangu alikuwa na nyumba na pensheni. Bibi alipofariki, ikadhihirika kwamba yeye ndiye aliyejua mjukuu gani anaumwa, jirani yupi amekasirika, na jamaa yupi wa Lamu yuko njiani kuja. Watoto walikuwa wakimwendea mama yao, na babu wakimkuta papo hapo. Sasa walimpelekea sahani. Zilirudi zimeguswa kidogo tu, alisema ameshiba. Kanzu zikampwaya. Wajomba zangu wakanong'ona aozwe mke mwingine. Babu akacheka, akasema hana nguvu za kumfundisha mtu upya namna anavyopenda chai yake.

Ndipo mama aliponituma, si kupeleka chakula, bali kula. Nilikuwa na umri wa miaka 11, nami niliona ni adhabu. Tuliwekewa sinia moja la wali na samaki wa kupaka. Babu alinitazama, akanawa mikono, akaichambua miba ya samaki upande wangu, kisha akala. Kesho yake nilichelewa kutoka chuoni. Nilimkuta ameketi mkekani, sinia limefunikwa kawa, akiwauliza wapita njia dirishani kama wameniona.