Vilima vya Kisii na Nyamira vitakufunza kuchagua kamera

Mchagua jembe si mkulima, walisema wahenga. Naam, ni kweli kwa mtu anayetafuta kisingizio cha kutolima. Lakini mkulima hasa wa Kisii au Nyamira hachimbi shimo la mgomba na kupogoa majani chai kwa chombo kimoja. Huitazama kwanza ardhi na mmea, ndipo akaingia stoo kuchagua.

Anayetaka kamera ya kupigia picha nje afanye vivyo hivyo. Kwa bahati mbaya, wengi wetu huanzia dukani. Tunavutwa na wingi wa pikseli ulioandikwa kwenye boksi, tunatoa fedha zinazoweza kumlipia mwanafunzi wa bweni karo ya mwaka mzima, kisha kamera inalala kabatini hadi inaota kuvu.

Basi fuatana nami, msomaji, katika kaunti hizi mbili ambazo zamani zilikuwa wilaya moja ya Kisii. Tutapanda Manga, tutapita kwenye majani chai ya Nyamira, tutawaona wachonga mawe wa Tabaka na tutamalizia uwanjani mjini Kisii. Kila kituo kitakueleza fedha zako ziende wapi.

Huku hakuna simba

Kwanza ondoa Maasai Mara akilini. Picha nyingi za matangazo ya kamera nchini hutoka mbugani, na ndiyo maana mtu anayeanza hukimbilia lenzi ndefu kama mkono, ya kumvuta simba aliye mbali. Kisii ni nchi ya watu. Sensa ya mwaka 2019 ilipata zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita moja ya mraba katika Kaunti ya Kisii, na zaidi ya 600 katika Nyamira. Ukitembea hatua chache unakutana na boma, mgomba, ng'ombe aliyefungwa kamba na mama aliyebeba ndizi. Vyote viko karibu nawe.

Kwa hivyo lenzi ya kwanza ni fupi na nyepesi. Katika kamera ambayo kipokezi chake cha mwanga kina ukubwa wa filamu ya zamani, yaani milimita 36 kwa 24, lenzi ya milimita 50 huona takribani kama jicho lako linavyoona. Kamera nyingi za bei nafuu zina kipokezi kidogo zaidi, na hizo hutaka lenzi ya milimita 35 ili zione vivyo hivyo. Tafuta yenye tundu kubwa la kupitisha mwanga, kwa mfano ile iliyoandikwa f/1.8. Kumbuka hapa hesabu imepinduka: kadiri nambari ilivyo ndogo ndivyo tundu lilivyo kubwa. Lenzi za namna hii ni miongoni mwa zile za bei ya chini kabisa madukani, na zitakufaa kwenye kivuli cha migomba au asubuhi ya mawingu mazito.

Kileleni Manga

Kilima cha Manga kiko Nyamira, mpakani na Kisii. Siku ya anga safi, ukisimama kwenye ukingo wake unaona vilima vikishuka kimoja baada ya kingine hadi Ziwa Victoria upande wa magharibi. Hapo kila mgeni hutaka lenzi pana ili aimeze nchi yote. Matokeo yake huhuzunisha. Ziwa linakuwa uzi, vilima vinakuwa vichuguu, na nusu ya picha ni anga tupu.

Jaribu kinyume chake. Vaa lenzi ya milimita kati ya 85 na 135, kisha chagua kipande kimoja tu cha mandhari. Lenzi hiyo itavikusanya vilima vya mbali na kuvisimamisha bega kwa bega, na ukungu uliotulia mabondeni utatenganisha kila mgongo na mwenzake. Isitoshe, kipande hicho kitamweleza mtazamaji urefu wa Manga kuliko picha inayojaribu kubeba kila kitu.

Kuhusu wakati, tuko karibu mno na ikweta. Jua huchomoza mnamo saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kupanda haraka, hivyo ule mwanga laini wa dhahabu hauvuki sana saa moja. Fika mapema. Au, afadhali zaidi, panda alasiri mvua inapokatika, kwa sababu mvua huosha vumbi na moshi hewani na ziwa likaonekana waziwazi.

Mvua ndiyo mnunuzi mkuu

Hapo ndipo penye siri ya kaunti hizi. Mji wa Kisii uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na eneo hili hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka. Masika ni kuanzia Machi hadi Juni na vuli ni kuanzia Septemba hadi Novemba, lakini hata miezi iliyobaki haikauki. Asubuhi huweza kuwa nyeupe pe, na mchana mawingu yakajikusanya kutoka upande wa ziwa.

Ikiwa fedha zinaruhusu, chagua kamera iliyozibwa mipira ya kuzuia maji. Hata hivyo usidanganyike: kamera iliyozibwa ikifungwa lenzi isiyozibwa, maji yatapita panapoungana. Zikinunuliwa, zinunuliwe zote mbili. Asiye na uwezo huo atwae mfuko wa plastiki ulio safi, autoboe tundu la lenzi, aukaze kwa mpira, na aende nao majani chai ya Kebirigo, jirani na mji wa Nyamira. Wachumaji hawangoji jua, nawe usilingoje. Jani lililolowa hung'aa kama kioo na kupoteza rangi yake. Kichujio cha kuzuia mng'ao, kile kinachozungushwa mbele ya lenzi, hurejesha ule ujani wa chai ambao kompyuta haiwezi kuuumba baadaye.

Adui mkubwa zaidi huja baada ya safari. Unyevu ukikaa ndani ya lenzi, kuvu huota juu ya vioo kama utando wa buibui, nao hula hata rangi ya kinga iliyopakwa vioo hivyo. Usiihifadhi kamera katika mkoba wa ngozi kabatini. Ipanguse, iache ipate hewa, kisha uiweke katika mkebe wa plastiki unaofunga kabisa, pamoja na vile vipakiti vya chembechembe za kunyonya unyevu. Mkebe wa kuwekea chakula watosha.

Vumbi jeupe la Tabaka

Kutoka Kisii shika barabara ya Migori, kisha uiache uelekee Tabaka, Mugirango Kusini. Hapa ndipo yanapochimbwa mawe laini ya Kisii, meupe, ya waridi na ya kijivu. Wanaume huchimba na kuchonga, na mara nyingi akina mama hukaa kando ya mabeseni ya maji wakisugua vinyago kwa msasa. Sanaa hii imevuka bahari: kazi ya mchongaji Elkana Ong'esa imesimama katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris.

Kabla hujafika machimboni, vaa lenzi utakayoitumia na usiibadilishe hadi utakapoondoka. Vumbi la jiwe hili ni laini kama unga, na likitua kwenye kipokezi cha mwanga litaacha madoa katika kila picha. Aidha, kamera hukisia kwamba kila inachokiona kina wastani wa weupe na weusi. Mbele ya lundo la mawe meupe itadhani mwanga umezidi, nayo itaifanya picha iwe giza na uso wa mchongaji upotee. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, uongeze kipimo kimoja. Fanya hivyo pia kwenye ukungu wa Manga. Kamera isiyokupa uwezo huu kwa urahisi isikushawishi hata ikiwa na pikseli za kujaza gunia.

Na kuhusu pikseli, hesabu ni hii. Picha safi ya ukubwa wa karatasi ya A4 hutaka karibu milioni 9 tu. Milioni 24 zilizo katika kamera nyingi zilizotumika zakutosha hata kwa picha ya ukutani.

Palipo na haja ya lenzi ndefu

Kuna mahali pamoja ambapo lenzi ndefu haina mbadala: Uwanja wa Gusii, Shabana inapocheza. Klabu hiyo ilirejea Ligi Kuu mwaka 2023, na mashabiki wake wa Tore Bobe ni tamasha peke yao. Kwa mchezaji aliye katikati ya uwanja utahitaji milimita 200 au zaidi. Lakini ikiwa unaenda uwanjani mara mbili kwa mwaka, azima au ukodi. Usinunue.

Ukinunua kitu kilichotumika, mulika tochi ndani ya lenzi utafute ule utando wa kuvu. Uliza shata imepiga mara ngapi, kwa maana kamera nyingi za daraja la kuanzia hukadiriwa kudumu mapigo 100,000 hivi. Kadi ya kumbukumbu ijaze picha hadi mwisho kabla hujaiamini, kwani za bandia ni nyingi. Na fedha zikiwa chache, tumia nyingi kwa lenzi na chache kwa kamera. Kamera huzeeka kila mwaka. Lenzi iliyotunzwa hurithiwa.

Picha ambayo haingoji

Yote haya ni ya nini? Fikiri, msomaji, umehudhuria mazishi mangapi ambako picha iliyo mbele ya jeneza ni ile ya kitambulisho, iliyokuzwa hadi macho yakawa madoa mawili? Mzee aliishi miaka themanini, akachuma chai, akalea, akacheka, na sura aliyotuachia ni ile aliyokunja mbele ya afisa wa serikali.

Hiyo ndiyo kazi ya kwanza ya kamera yako, na haihitaji kilele cha Manga. Msalimu omogaka au omongina kwa heshima, "Bwakire buya," umwombe ruhusa. Mtoto wa mwenyewe usimpige bila mzazi kukubali. Mketishe mzee upenuni, uso ukielekea nje penye mwanga, kisha uilenge lenzi yako fupi kwenye jicho lililo karibu nawe. Zungumza naye kwanza. Bonyeza anaposahau kamera.

Kisha umalize kazi. Picha iliyobaki kwenye simu huibwa pamoja na simu. Ipeleke mjini ichapishwe, na safari yako ijayo umrudishie mwenyewe nakala yake mkononi, angali hai wa kuitazama.