Asubuhi Magogoni na kamera mkononi

Baada ya swala ya Alfajiri tuliteremka Kivukoni, mimi na mpwa wangu wa miaka 17, yeye akiwa na kamera ndogo aliyoachiwa na kaka yake. Alikuwa ameniomba siku nyingi nimpeleke Magogoni akapige picha za mtaani, yaani za watu katika shughuli zao, bila kuwapanga. Pantoni kutoka Kigamboni ilikuwa ikikaribia gati, abiria wamekwisha kusongamana mbele.

Kwanza nilimwonyesha mpaka wake. Karibu na hapo ni Ikulu, na huko kamera haielekezwi. Askari akimuuliza, aitike kwa adabu na aeleze alichokuja kufanya.

Lakini si askari aliyemshinda, ni soko. Ndani ya Soko la Samaki la Feri madalali walikuwa wakinadi mafungu ya changu na kolekole, wachuuzi wakipita na ndoo vichwani, sakafu imelowa. Kijana alijibanza nyuma ya nguzo, akainua kamera, akaishusha, akaifunika kwa kiganja kama aliyeshika kitu cha wizi. Alipothubutu kupiga, alipiga migongo. Picha 11, zote migongo.

Kisha akajikaza, akasogea kwenye majiko ya wakaanga samaki, akampiga mama mmoja kwa ubavuni pasipo kusema neno. Mama yule alikuwa ameinama juu ya karai, mtandio umemteleza mabegani kwa joto.

“Mwanangu, hiyo picha unaipeleka wapi?”

Hakupaza sauti. Alitueleza kuwa picha yake ya namna hiyo iliwahi kuzungushwa kwenye simu ikiwa imeandikwa maneno ya kejeli, ikamfikia mkwewe kabla ya kumfikia yeye. Mpwa wangu alimwomba radhi, akamwonyesha kioo cha kamera, akaifuta mbele ya macho yake.

Najua khilafu ya wanazuoni juu ya picha ni pana, nami si wa kuiamua. Hata hivyo, Sura ya An-Nur inatufundisha kuomba idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba ya mtu. Mama aliye kazini sokoni hana hata mlango wa kubishiwa hodi. Nadhani woga wa kijana wetu pale nguzoni ulikuwa na haki yake: alijua anachukua bila kuomba.

Tulipoketi kunywa chai nilimsimulia habari za Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia katika jiji hili. Alianza na kamera ya mkono wa pili akiwa mwanafunzi, na mwaka 1963 akaanzisha kampuni yake ya Camerapix hapahapa Dar es Salaam. Picha zake za Hija zilitoka katika kitabu mwaka 1978, na zile za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zikaamsha walimwengu.

“Na yeye alianza na migongo, mjomba?”

Nilicheka, nikamwambia amalize chai turudi.

Safari hii alitanguliza salamu. Alimwendea mzee mmoja mpaa samaki. “Shikamoo mzee. Naomba nikupige picha ukiwa kazini.”

“Marahaba. Piga tu, ila ngoja nijiweke sawa.” Mzee akasimama wima, kifua mbele, kama yuko studio.

Hapo ndipo wanaoanza hukata tamaa, kwani ukiomba ruhusa shughuli husimama. Kijana aliipiga picha hiyo ya kifua, akashukuru, akabaki palepale. Hakuhamahama. Baada ya robo saa mzee alikuwa amemsahau. Kisu kikarudi kazini, magamba yakawa yanaruka yakiwaka katika mwanga wa jua lililoingia kwa chini. Ile ndiyo picha tuliyoifuata.

Wiki iliyofuata tulizisafisha picha zote mbili Kariakoo, tukampelekea. Mzee alipenda ile ya kifua, akaitia mfukoni. Ya magamba akaiita uchafu. Wapaa samaki wenzake walikuwa wakigombania kuiona, nami nikamwona yule mama wa karai akija huku anafuta mikono kwa kanga.

“Na mimi je?” alimwuliza mpwa wangu. “Ngoja kwanza nifunge mtandio.”