Kutokuwemo kwenye Mfumo si Kutokuwepo

Miezi michache baada ya kumzika mama yetu, mimi na dada yangu tulikwenda katika ofisi moja ya umma kufuatilia nyumba yake ya Manzese. Tulibeba leseni ya makazi iliyoandikwa Manispaa ya Kinondoni, barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na stakabadhi za kodi ya majengo. Kijana aliyeketi nyuma ya dirisha alichapa, akasubiri, akachapa tena. "Samahani, mzee wangu, nyumba hii haimo kwenye mfumo," alisema kwa adabu.

Nikamuuliza, "Mdogo wangu, haimo kwenye mfumo, au haipo?"

Akanitazama kana kwamba nimemtegea kitendawili. "Kwetu sisi ni kitu kimoja," akajibu.

Jibu lile lilinifuata mpaka darasani, kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha uprogramu, na muhula ule nilikuwa nikifundisha jambo linalokaribiana nalo sana: namna ya kuwakilisha matamko ya data zilizounganishwa.

Mwaka 1999 shirika la W3C, linaloratibu viwango vya wavuti, lilipitisha kiwango kiitwacho RDF. Wazo lake ni jepesi. Kila tunachokijua huandikwa kama tamko lenye sehemu tatu: kitu kinachozungumziwa, uhusiano, na kile kinachohusishwa nacho. Mwanafunzi wa Kiswahili atavitambua mara moja kiima, kiarifu na yambwa. Lugha yetu hubeba utatu huo hata ndani ya neno moja. Anayesema "nimekiona" ameshataja mtendaji, tendo na mtendwa. Matamko mengi yakishikana kwa vitambulisho wanavyoshiriki, hufanyika grafu, mithili ya wavu wa mvuvi.

Darasani hutumia Haskell, lugha ya uprogramu wa kifanksheni iliyotoka mwaka 1990. Ndani yake tunatangaza kwanza aina za vitu. Kiima chaweza kuwa kitambulisho au nodi isiyo na jina. Kiarifu lazima kiwe kitambulisho. Yambwa yaweza kuwa kimojawapo cha hivyo viwili, au thamani ya kawaida kama tarehe na namba. Mwanafunzi akijaribu kuifanya tarehe kuwa kiima, kompaila humkatalia kabla programu haijaanza kufanya kazi. Grafu nzima huwa seti ya matamko, na seti haijali mpangilio wala marudio. Tamko likirudiwa mara mia halizidi kuwa kweli. Laiti siasa zetu nazo zingekuwa hivyo.

Sifa ya pili ndiyo iliyonirudisha Manzese. Katika uprogramu wa kifanksheni, thamani haibadilishwi. Ukiongeza tamko unapata grafu mpya, na ile ya zamani inabaki kama ilivyokuwa. Sasa litazame jiji letu. Mwaka 2000 Dar es Salaam iligawanywa katika manispaa tatu: Kinondoni, Ilala na Temeke. Baadaye Ubungo ikamegwa kutoka Kinondoni, na Kigamboni kutoka Temeke. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji ikavunjwa na Ilala ikapandishwa hadhi kuwa jiji. Manzese haikusogea hata hatua moja, lakini ilihama kutoka Kinondoni kwenda Ubungo. Anayefuta neno la zamani na kuandika jipya juu yake anaikata kamba iliyoiunganisha leseni ya mama na nyumba yake.

Utatu wenyewe hauna nafasi ya wakati, hivyo kusema tu "Manzese imo Kinondoni" na "Manzese imo Ubungo" hakutoshi. Wanafunzi wangu hulitatua hilo kwa kuipa kila kumbukumbu ya usajili nodi yake, kisha kuiandikia eneo, mamlaka na tarehe. Ndipo yote mawili husimama pamoja bila kugombana.

Halafu kuna nodi isiyo na jina. Mtaa mzima ulimjua mama yetu kwa jina la kifungua mimba wake, na barua ya mwenyekiti ilimtaja hivyo hivyo. RDF inaruhusu kusema: yupo mtu, ni mama wa fulani, anamiliki nyumba fulani, ingawa kitambulisho chake hatujakipata. Hilo ni tamko halali linalosubiri kukamilishwa. Ofisini lilihesabiwa kuwa kasoro ya mwombaji.

Msingi wa yote ni huu: katika RDF, kukosekana kwa tamko si kukanusha. Kwa hiyo nawataka wanafunzi waandike fanksheni yenye majibu matatu: ndiyo, hapana, haijulikani. Kompaila ikiagizwa kukagua, humwonya anayelisahau hilo la tatu. Sisemi kwamba orodha iliyofungwa haina kazi. Kondakta wa basi la mkoani ana haki kusema huna kiti ikiwa jina lako halimo, kwa kuwa orodha yake inataja viti vyote. Lakini ni nani aliyethibitisha kwamba kila nyumba ya Manzese, Tandale au Mbagala imeshaingizwa kwenye kompyuta?

Wiki tatu baadaye mtumishi mmoja mtu mzima, katika ofisi nyingine, alitoa leja yenye vumbi, akapitisha kidole chake ukurasa hadi ukurasa, na akakifikia kiwanja cha mama. Dada yangu alilia. Mimi niliwaza juu ya wale wasio na kaka mwenye shahada ya uzamivu wala nauli ya kurudi ofisini mara sita. Hao hurudi nyumbani wakiamini kwamba hawana kitu.

Ndugu mtumishi wa umma unayesoma haya, sikulaumu kwa mfumo usioujenga wewe. Nakuomba tu, kabla ya kusema "haipo", useme "bado hatujaiona", kisha umwelekeze mwananchi mahali pa kuitafuta. Nanyi wanafunzi wangu mtakaoijenga mifumo ijayo, lile jibu la tatu msiliache.