Gummersbach, Mji wa Mpira wa Mikono

Msafiri aendaye Gummersbach hupanda garimoshi mjini Cologne, kando ya mto Rhine, na kuelekea mashariki. Nyumba za mji mkubwa humalizika, reli ikaanza kupinda baina ya vilima vyenye misitu na malisho, na baada ya kilomita 50 hivi huteremka katika mji wenye watu wapatao 50,000. Asiyejua habari za michezo angeweza kuupita bila hata kugeuza shingo. Lakini mtajie jina lake Mjerumani wa makamo: hatauliza uko wapi, bali atakujibu papo hapo, mpira wa mikono.

Kwa ndugu wasomaji ambao hawajauona, mchezo huo huchezwa na watu saba kila upande, pamoja na kipa, katika uwanja wa ndani wenye urefu wa mita 40 na upana wa mita 20. Hakuna ila kipa aruhusiwaye kukanyaga eneo la mita sita mbele ya goli. Ndiyo sababu mshambuliaji huruka na kuuvurumisha mpira angali hewani. Asije mtu akaufananisha na mpira wa pete. Hapa miili hugongana, na mwamuzi huona ni jambo la kawaida.

Ligi ya taifa ya wanaume, iitwayo Bundesliga, ilianza mwaka 1966 ikiwa na makundi mawili, kaskazini na kusini. Mwaka 1977 yakaunganishwa kuwa moja. Bingwa wake wa kwanza alikuwa VfL Gummersbach. Kufikia mwaka 1991 timu hiyo ilikwisha kuwa bingwa wa Ujerumani mara 12, na Kombe la Mabingwa wa Ulaya ilikuwa imelitwaa mara tano. Ukumbi wa mjini haukutosha kwa mechi kubwa kama hizo, hivyo fainali ya mwaka 1967 ilichezwa Dortmund, ambako Dukla ya Prague ilifungwa 17–13.

Katika habari zote za mji huu, moja husimuliwa kwa sauti ya chini. Mwaka 1978 Ujerumani Magharibi ilitwaa ubingwa wa dunia, na miongoni mwa mashujaa wake walikuwamo Heiner Brand, mzaliwa wa Gummersbach, na mwenzake wa timu hiyo hiyo, Joachim Deckarm. Tarehe 30 Machi 1979, huko Tatabánya, Hungaria, Deckarm aligongana na mpinzani, akaanguka na kupiga kichwa sakafuni. Sakafu ile ilikuwa ya saruji iliyotandikwa plastiki nyembamba tu. Alikaa siku 131 bila fahamu, kisha akaanza kujifunza upya kusema na kutembea. Alikuwa kijana wa miaka 25. Mwaka 2018 alirudi kuishi Gummersbach.

Fedha zilipozidi kuutawala mchezo, timu nayo ilivutwa na mji mkubwa. Kuanzia mwaka 2001 mechi zake nyingi za nyumbani zilipelekwa Cologne, katika ukumbi uwezao kuchukua watu zaidi ya 18,000. Mapato yalikuwa huko, lakini wenye mji wakageuka wasafiri wa kuifuata timu yao wenyewe. Mwaka 2013 ukafunguliwa ukumbi mpya hapo hapo Gummersbach, wenye nafasi za watu 4,000 na ushei, juu ya ardhi ambako zamani kampuni ya Steinmüller ilikuwa ikiunda matangi ya mvuke. Kwa maoni yangu walifanya vema, ingawa kurudi nyumbani hakukuleta vikombe. Timu hiyo ndiyo pekee iliyokuwamo ligini bila kukosa tangu mwaka 1966, hadi tarehe 9 Juni 2019 ilipotoka sare ya 25–25 na Bietigheim na kushuka daraja.

Ilikaa chini miaka mitatu. Mwaka 2022, ikifundishwa na Guðjón Valur Sigurðsson wa Iceland, ilipanda tena.

Kutoka stesheni hadi ukumbini ni mwendo mfupi wa miguu. Siku ya mechi mgeni hana haja ya kuuliza njia; awafuate tu waliojifunga skafu za buluu na nyeupe.