Maneno ya Mama Yaliyokuwa Chini ya Picha

Mali bila daftari hupotea bila habari, walinena wahenga. Sikudhani kwamba hata maneno ya mama mzazi ni mali ya namna hiyo, hadi nilipokaribia kuyapoteza kwa mikono yangu mwenyewe.

Mama alituaga mwaka jana. Miaka miwili kabla ya hapo, mtoto wa kaka yangu alimrekodi kwa video nyumbani kwetu Kitui, akiwa ameketi chini ya mwembe, akisimulia maisha yake kwa Kikamba. Kwa kuwa wajukuu wengi waliozaliwa mijini hawaifahamu vyema lugha hiyo, kijana alitia maandishi ya Kiswahili chini ya picha, kama yale ya sinema. Kazi hiyo ilimla likizo nzima.

Siku ya kumkumbuka Mama ilipokaribia, jamaa waliafikiana tuchapishe kijitabu cha maneno yake. Macho yote yalinigeukia.

"Wewe ndiye mwandishi," kaka yangu mkubwa akasema, na mjadala ukaishia hapo.

Katika duka moja la kompyuta niliambiwa ni lazima mtu aitazame video na kuyapiga chapa maneno yote upya, kwa malipo ya kununua mbuzi. Nikampigia simu yule kijana. Akacheka.

"Shangazi, yale maandishi hayakuchorwa kwenye picha. Yamo katika faili yao wenyewe. Nitakutumia."

Faili yenyewe ilikuwa ya aina ya SRT. Nilipoifungua kwa programu ya Word, niliulizwa usimbaji wa herufi. Nikachagua ovyo, na jina Yũa ya Ndeke likatokea na alama zisizosomeka. Kijana akaniambia nichague UTF-8, na herufi zikanyooka.

Hebu nikueleze nilichokiona, msomaji. Kila kipande cha maneno kilitanguliwa na nambari yake, kisha mstari wa saa kama huu: 00:41:07,200 --> 00:41:10,500. Maana yake ni kwamba maneno yatokee dakika ya 41 na sekunde 7, yaondoke baada ya sekunde tatu na kitu. Yakafuata maneno, kisha mstari mtupu. Vipande vilikuwa zaidi ya 1,100. Nani angefuta yote hayo kwa kidole?

Word ina mahali pa kutafuta na kubadilisha. Humo, alama ^# husimama badala ya tarakimu yoyote, na ^p badala ya mwisho wa aya. Niliandika mfano wa mstari wa saa, kila tarakimu nikaiwekea ^#, nikaacha pa kubadilishia patupu. Kubonyeza mara moja tu, saa zote zikatoweka! Nikageukia nambari zilizokaa peke yao kwenye mstari: za tarakimu moja, mbili, tatu, na hatimaye nne. Nikaunganisha sentensi zilizokatwa vipande, nikahifadhi, nikaifuta faili ya kwanza. Nilijiona fundi.

Jioni kaka yangu aliisoma nakala kwa sauti. Akafika pale Mama anaposimulia njaa ambayo ndege zilidondosha chakula kutoka angani, ile Wakamba waliyoiita Yũa ya Ndeke. "Ilikuwa mwaka wa..." akasoma, kisha akanitazama. "Mwaka gani?"

Moyo ulinipiga paa. Mama alikuwa ametua kidogo kabla ya kuutaja mwaka, kwa hivyo 1961 ilikuwa imekaa peke yake kwenye mstari. Nilipofuta nambari za tarakimu nne, niliufuta nao. Miaka mingine mitatu ilikuwa imekwenda vivyo hivyo, ukiwemo mwaka wa ndoa yake.

Bahati njema kijana alikuwa na faili yake. Nilianza upya, mara hii nikifanya kazi kwenye nakala na kutazama kila nambari ya tarakimu nne kabla ya kuiondoa. Na kwa kuwa sikuharakisha tena, niliona jambo ambalo sikuliona mwanzo. Kipande kimoja kiliisha dakika ya 43 na sekunde 12. Kilichofuata kilianza dakika ya 43 na sekunde 53. Sekunde 41 bila neno lolote.

Nikaiwasha video. Mama alikuwa anamzungumzia mdogo wake wa kiume, aliyekuwa akimbeba mgongoni wakati wa njaa ile, na ambaye hakuiona mvua iliyofuata. Alisema, "Alikuwa mwepesi," kisha akanyamaza, akiukunja na kuukunjua upindo wa leso yake.

Nilikuwa nimeufuta unyamavu huo pamoja na saa, na maneno mawili yaliyotengana hivyo nilikuwa nimeyaunganisha kama sentensi moja.

Kijitabu kilichapishwa. Katika ukurasa wa tisa, baada ya maneno hayo mawili, niliandika: Hapa Mama alinyamaza kwa muda. Siku ya kumbukumbu kaka yangu alipofika hapo akisoma, naye alinyamaza, na hakuna aliyemharakisha.

Ukiwa na kazi kama hii, msomaji, ihifadhi faili ya kwanza usiiguse. Kisha, kabla ya kupeleka karatasi kwa mpiga chapa, keti uisome huku ukimsikiliza mwenye maneno.