Fidia ya Saa

Mali ikiharibiwa hulipwa. Saa zikipotezwa, wengi huridhika na samahani. Mimi sikuridhika. Ndege iliyonichukua kutoka Frankfurt kwenda Nairobi ilichelewa kufika kwa saa tano, kwa ubovu wa mtambo. Shirika lilitupa chakula, na wasafiri walishukuru kama waliopewa sadaka. Kumbe chakula kile kilikuwa deni, si hisani.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004 humlinda kila msafiri aondokaye katika nchi zake. Safari ikipita kilomita 3,500, na kuchelewa kukizidi saa nne, fidia ni yuro 600. Dhoruba huliokoa shirika. Ubovu wa kawaida wa mtambo hauliokoi. Mwaka 2014 mahakama ya Umoja huo iliamua kuwa ndege haihesabiwi imefika magurudumu yagusapo ardhi, bali mlango ufunguliwapo. Kabla ya hapo msafiri ni mfungwa wa kiti chake.

Barua yangu ya kwanza ilijibiwa kwa samahani. Ya pili, iliyotaja kanuni, ilijibiwa kwa fedha. Fedha haikurudisha saa hata moja. Ilichorudisha ni heshima: mwenye nguvu alikiri kwamba wakati wa mnyonge nao una mwenyewe.